Amri Moja Tu, Wanasema

Watu wa kompyuta wana uongo mmoja wanaoupenda sana, hasa wakiwa wamekaa mahali penye umeme: "Ah, hiyo ni amri moja tu." Unafungua lile dirisha jeusi, unaandika dpkg-buildpackage, unabonyeza Enter, unakwenda kunywa chai. Ukirudi unakuta kifurushi cha programu kimekwisha kufungwa, kinangoja kupelekwa kwa watu. Huku kwetu Lobule chai hiyo nimeinywa mpaka majani yakaisha nyumbani, na mke wangu akaanza kuuliza hiyo kompyuta inalipa lini.

Nieleze kwanza kilichoniingiza katika shughuli hii, msije mkadhani niliitafuta. Lobule iko wilaya ya Koboko, na wakimbizi kutoka Kongo walianza kupokelewa hapa mwaka 2013. Wageni na wenyeji tunaishi shamba kwa shamba, na kila upande utakaogeukia kuna kikundi cha kuweka na kukopa. Mnavijua: sanduku la chuma, kufuli tatu, watu watatu wa kushika funguo, na mama mmoja mwenye sauti inayotosha kukusanya faini za wachelewaji bila kuinuka kwenye mkeka. Mtindo huu ulianzia Niger mwaka 1991, shirika la CARE lilipokuwa likifanya kazi na wanawake wa huko, na tangu hapo sanduku limezunguka Afrika bila kuomba bando wala soketi ya umeme.

Basi Mama Mwenyekiti wa kikundi cha jirani akaniita. "Fundi, mwanangu, wewe si una kompyuta? Tutengenezee kitu cha kuhesabu hisa. Katibu wetu akifika kwenye riba anatoka jasho, na sisi tukimwona anatoka jasho tunaanza kuwaza mengine."

Nikatengeneza. Programu ndogo ya Python, jina lake akiba. Inaandika hisa, mikopo na faini, na mwisho wa mwaka inatoa karatasi ya kugawana. Inazungumza Kiswahili, kwa kuwa kwenye mkeka ule kuna Wakakwa, Walugbara na sisi tuliotoka ng'ambo, na hakuna aliye tayari kudaiwa kwa lugha ya mwenzake. Baraza la mawaziri la Uganda lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi Julai 2022. Kikundi kilikuwa kimekwisha kupitisha zamani, tena bila posho ya kikao.

Kwenye laptopu yangu programu ilifanya kazi vizuri kabisa. Mama Mwenyekiti akatazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akasema maneno yaliyoniharibia mwezi: "Sasa tuwekee kwenye zile kompyuta za kituo cha vijana. Na kikundi cha dada yangu nao wanaitaka."

Kompyuta za kituo zinaendeshwa na Debian, na programu ya Debian husafiri ndani ya faili la .deb. Ukilifumua faili hilo unakuta vitu vitatu tu: kijifaili kilichoandikwa 2.0 na basi, bunda la maelezo, na bunda la programu yenyewe. Ni kitu chepesi, na aliyeanzisha Debian Agosti 1993, Ian Murdock, alikuwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu. Unajiambia, kama mwanafunzi aliweza, mimi mtu mzima mwenye watoto nitashindwa nini? Hujaambiwa kwamba kabla ya kufunga chochote sharti uandike folda nzima ya makaratasi. Zana ya kukusaidia kuanza, dh_make, inakurundikia mafaili ya mfano, mengi yana mkia wa .ex, kila moja limejaa maelezo ya mambo ambayo hukuyauliza. Kazi yako ya kwanza ya kufunga ni kufuta.

Kisha fomu. Mimi ni mkimbizi, jamani, fomu siziogopi. Nimejaza za njano, za nyeupe, za nakala tatu, nimejaza jina la babu kwa tahajia nne kulingana na afisa aliyekuwa zamu. Lakini hata afisa mkali kuliko wote hajawahi kunirudisha nyuma ya foleni kwa sababu ya nafasi tupu kati ya jina langu na tarehe. Debian inakurudisha. Katika faili la changelog, mstari wa sahihi unaanza na nafasi moja, vistari viwili, jina, barua pepe, halafu nafasi mbili, ndipo tarehe. Ukiweka moja, unaambiwa mstari umeandikwa vibaya. Faili jingine, rules, linataka amri zianze na tabu, si nafasi za kawaida. Kwa macho ya binadamu zote mbili ni uwazi mtupu. Unaweza kukosea kwa kitu ambacho hakionekani ukikiandika vizuri na hakionekani ukikiandika vibaya. Debian 12, iliyotoka Juni 2023, ina vifurushi zaidi ya 64,000, na kila kimoja kina mtu aliyekiandikia makaratasi haya. Watu hao walikuwa wanakula saa ngapi?

Tukija kwenye tarehe yenyewe, sharti iishe na saa za eneo lako. Za Uganda ni +0300. Rahisi sana, kama unaishi Masaka. Sisi Koboko tumepakana na Kongo ya mashariki na Sudani Kusini, na zote ziko saa moja nyuma yetu. Sudani Kusini ilirudisha saa zake nyuma Februari 2021, bila shaka ili kunikomoa. Simu yangu ikigeuka kidogo tu inashika mnara wa ng'ambo. Inajirudisha saa moja, inanitumia ujumbe wa kunikaribisha katika nchi niliyoikimbia, na inanitoza kwa ukarimu huo. Ukiniuliza saa ngapi, inategemea nimekaa upande gani wa mwembe.

Makaratasi yakiisha, anakuja Lintian. Lintian ni programu ambayo kazi yake ni kukagua vifurushi vya wenzake na kulalamika. Mimi mwenyewe ni mlalamikaji wa kazi, safu hii ni ushahidi, lakini nakiri huyu ni bingwa. Analalamika hakuna faili la hakimiliki. Analalamika maelezo mafupi yameanza na jina la kifurushi, jambo ambalo kwake ni utovu wa adabu. Analalamika barua pepe ya mtunzaji. Analalamika programu haina ukurasa wa mwongozo. Mwongozo wa nini? Mwongozo wa programu hii ni Mama Mwenyekiti. Ukibonyeza pasipotakiwa anakuita kwa majina yako yote, na hutarudia.

Siku zana ilipokubali kufunga, nilisimama. Mistari ikateremka kwenye dirisha jeusi, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa mwisho ukasema haiwezi kutia sahihi kwa sababu ufunguo wa siri haupo. Bahati mbaya nilisoma kwa sauti: "Ufunguo haupo." Na Mama Mwenyekiti alikuwa amekaa pale nje anachambua karanga.

"Ufunguo gani haupo?"

Kabla sijamaliza kumweleza, mtoto alikuwa amekwisha kutumwa, na washika funguo wote watatu walikuwa mlangoni, kila mmoja na wake shingoni, wakitazamana kwa jicho ambalo si zuri kwa kikundi chochote cha fedha. Nikaeleza kwamba huu ni ufunguo wa tarakimu, wa kuthibitisha kwamba kifurushi nimekifunga mimi na hakikuchezewa njiani. Wakakaa. Mzee mmoja kati yao, ambaye kufuli lake ni la katikati, akauliza, "Na usipokuwa nao?"

"Kuna maneno ya kuongeza, -us -uc, unaiambia zana iache hiyo sahihi."

"Kwa hiyo hiyo mashine yako ukiiambia usifunge, haifungi?"

"Ndiyo, mzee."

Akainuka, akampa mkono Mama Mwenyekiti, akaenda zake. Mpaka leo fedha za kikundi haziruhusiwi kukaa chumba kimoja na laptopu yangu.

Haya yote nimeyavumilia. Ninalolalamikia hasa ni jingine, na naomba wenye zana wanisikilize. Mtu wa Koboko akituma gunia la karanga Ariwara, ndani ya gunia mna karanga. Haijawahi kutokea mpokeaji akafungua gunia akakuta karatasi: "Gunia hili linahitaji karanga, za toleo la 3 au zaidi. Tafadhali zifuate Ujerumani." Wenye programu wanafanya hivyo kila siku na wanakuita huko kufunga. Kifurushi changu kina programu yenye uzito wa kilobaiti chache, na mstari unaosema Depends: python3, python3-tk, python3-reportlab. Hiyo reportlab ndiyo inayochora karatasi ya kugawana. Nayo ina ndugu zake, na ndugu zake wana ndugu zao. Ukifuata ukoo huo mpaka mwisho unakuta maktaba za kusoma picha za aina ya TIFF na WebP. Kikundi cha akina mama kinachohesabu hisa chini ya mwembe kimelazimika kumiliki uwezo wa kufungua picha za TIFF.

Nilikwenda kituoni na flashi, nikaandika dpkg -i. Kompyuta ikasema vitegemezi havipo, ikakiacha kifurushi kikiwa kimewekwa nusu, kimeingia lakini hakijakaribishwa. Kuanzia hapo, ukitaka kuweka programu nyingine yoyote inakataa, inakushauri uandike apt --fix-broken install. Ukiandika, inataka intaneti. Dawa ya kukosa intaneti, kwa mujibu wa zana hii, ni intaneti.

Na bando la Uganda si maji ya mvua. Julai 2018 tulitozwa shilingi 200 kwa siku ili kuingia mitandao ya kijamii. Julai 2021 kodi hiyo ikaondoka, ikaja asilimia 12 juu ya data yenyewe. Sheria imesamehe data ya huduma za afya na ya elimu. Ningependa siku moja nisimame mbele ya mtoza kodi nimthibitishie kwamba apt ni elimu, maana mimi imenifunza mengi, na yote kwa uchungu.

Ushauri nao haukukosekana. Kijana mmoja akaniambia niachane na .deb, nitumie snap. Nikasoma: kwa kawaida yake, snap huchungulia matoleo mapya mara nne kwa siku. Mimi mwenyewe sichungulii sufuria mara nne kwa siku. Mwingine akasema flatpak, ambayo ili kuwasha programu yangu ya kilobaiti inataka kwanza msingi wa mamia ya megabaiti. Docker sitaizungumzia, sola ya kituo ingeanguka kwa kusikia jina tu.

Msidhani ni sisi wa mpakani tu tunaoteseka na magunia ya karatasi. Tarehe 22 Machi 2016 mtu mmoja aliondoa kifurushi chake kiitwacho left-pad kwenye ghala la npm. Kilikuwa na mistari 11, kazi yake kuongeza nafasi upande wa kushoto wa maneno. Nafasi tupu, hizo hizo zinazonitesa mimi! Maelfu ya miradi ikashindwa kujengwa siku hiyo, pamoja na ya makampuni makubwa yenye umeme wa saa 24, kwa sababu wote walikuwa wamefunga karatasi ya kwenda kuchukua nafasi tupu kwa mtu mwingine. Ghala likalazimika kukirudisha kifurushi lenyewe. Ningekuwa na moyo mbaya ningecheka.

Zamani watu walikuwa na adabu. Ubuntu, ya yule Mwafrika Kusini Mark Shuttleworth, ilipoanza 2004 ilikuwa ukiomba unatumiwa CD kwa posta, bure, mpaka kwenye sanduku lako la barua. CD ina kila kitu ndani. Mwaka 2011 wakaacha. Nadhani walifikiri dunia nzima imekwisha kuunganishwa. Mtu angewapigia simu kuwaambia, lakini mtandao ulikuwa chini.

Nikanunua bando, basi. Nikawasha simu, nikaunganisha kompyuta ya kwanza. Apt ikakataa. Kibetri cha saa ndani ya kompyuta ile kilikufa zamani, na kila ikizimika inaamka ikiamini tuko mwaka 2009. Ikatazama orodha ya vifurushi kutoka kwenye ghala, ikaona tarehe, ikasema orodha hii bado haijaanza kutumika. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe niliambiwa niko mbele ya wakati, tena nikiwa Lobule. Kibetri chenyewe ni CR2032, kile cha duara, kinapatikana Koboko mjini kwa wauza redio, ila uwe na subira ya kusikiliza bei ya kwanza.

Kompyuta ya pili ni ya biti 32. Ni msaada, na msaada haukaguliwi meno. Lakini angalieni mpangilio: upande mmoja wa dunia watu wema wanatupatia kompyuta kongwe, upande huo huo wenzao wanafunga milango ya kompyuta hizo. Debian 13, iliyotoka tarehe 9 Agosti 2025, haina tena kisakinishi cha biti 32. Wangekuwa wanakutana hata mara moja kwa mwaka, wakaulizana.

Lililoniokoa ni chombo kimoja kinyenyekevu kiitwacho apt-offline. Unakiendesha kwenye kompyuta isiyo na mtandao, kinaandika kwenye flashi orodha ya vinavyokosekana. Flashi inakwenda kwa mtu mwenye mtandao, anapakua vyote, inarudi, unaweka. Basi. Aliyekitunga alijua kuna watu kama mimi duniani, na ningemjua nyumbani kwake ningempelekea jogoo. Mpwa wangu anasoma Arua, chuoni kwao kuna mtandao, nami nikampelekea flashi kwa dereva wa teksi. Lami iko kutoka Arua kupitia Koboko mpaka Oraba, kwa hiyo flashi ilikwenda asubuhi ikarudi jioni ndani ya bahasha, imefungwa na raba, pamoja na maembe ambayo sikuyaagiza na dereva akayadai nauli.

Baada ya hapo nikakata shauri. Nikachukua kifurushi changu, nikachukua vitegemezi vyote na ukoo wao wote, mpaka wa TIFF, nikaweka kwenye folda moja pamoja na kijifaili cha kuviweka kwa mpangilio. Mpwa wangu alipoona akashtuka.

"Mjomba, hivi havitakiwi."

"Havitakiwi na nani?"

"Na Sera ya Debian. Kila kifurushi kinatakiwa kitaje vitegemezi, si kuvibeba."

"Na hiyo Sera, bando ananunua nani?"

Akanyamaza. Ni mtoto mwenye heshima.

Wala sidai mambo yasiyowezekana. Vituo vya afya vya Uganda vinatumia UgandaEMR kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Hiyo ni OpenMRS iliyofungwa kwa mahitaji ya nchi hii, na OpenMRS ilibuniwa kuanzia 2004 ikaanza kutumika Eldoret, Kenya, 2006, kwa wagonjwa wa Ukimwi wasioweza kungoja mtandao urudi. Nayo ina zana yake ya dirisha jeusi, ambayo inakusanya moduli zote zinazotakiwa ikazifunga pamoja. Mfumo unakaa kwenye seva ya kituo chenyewe. Mnara ukizimika, muuguzi anaendelea kuandika. Waliofunga mzigo huo walimfikiria mpokeaji kabla ya kukaza kamba.

Kwa hiyo ombi langu kwenu mnaotengeneza zana za kufunga programu ni dogo. Kabla hamjatangaza kwamba kifurushi kimekamilika, tafuteni kompyuta isiyo na kitu, zimeni intaneti, kiwekeni. Kikikataa, rudini mkafunge.

Programu ya akiba sasa iko kituoni Lobule, bure, na vitegemezi vyake vyote vimo ndani. Anayeitaka aje na flashi yenye nafasi, virusi avifute huko huko atokako, na kama kompyuta yake inaamini tuko 2009, anunue kibetri kwanza. Asipige simu kabla ya kuja. Huenda nikawa Kongo bila kujua.